Utafiti wa mbinu bora za usimamizi: duka, msitu na kahawa vinakaa pamoja?

MwanaUshirika:
Wakuu, habari za jioni. Naandaa pendekezo la utafiti wa uzamili hapa Moshi, nalinganisha mbinu bora za usimamizi kwenye maduka ya jumla, mashamba ya miti West Kilimanjaro na wakulima wa kahawa Kibosho. Msimamizi kanirudishia, pembeni kaandika maneno matatu tu: "Bora kwa nani?" Mwenye uzoefu anipe mwanga. Nawasilisha.

MangiSaruji:
Dogo, mimi nauza saruji Majengo, uzamili sina, ila hesabu ya Ford Harris, Mmarekani wa mwaka 1913, ya kujua uagize mzigo kiasi gani kila mara, naifahamu. Kila oda ina gharama yake, na kila mfuko unaolala stoo una gharama yake. Unatafuta pale zinapolingana. Chukua mfano: unauza mifuko 1,000 kwa mwaka, kuagiza mara moja ni 40,000, kuutunza mfuko mmoja mwaka mzima ni 2,000. Zidisha 2 kwa 1,000 kwa 40,000, gawa kwa 2,000, tafuta kipeo cha pili: mifuko 200 kila oda. Gharama kwa mwaka ni 400,000.

Sasa agiza 300 badala ya 200. Umezidisha kwa nusu nzima, lakini gharama inafika kama 433,000 tu, asilimia 8 hivi. Kwa hiyo ukija dukani kwangu kunitafutia namba kamili, unanipotezea muda. Kinachoniumiza ni vile Harris alivyochukulia kwamba mauzo hayabadiliki. Njoo Disemba watu wamerudi kihamba, yaani shamba la nyumbani la ukoo, kila mtu anamalizia nyumba ya mama! Halafu masika unyevu unapanda kutoka sakafuni, mifuko ya chini inaganda hata ukiipanga juu ya mbao. Hilo ndilo la kutafiti.

Msindano:
Kwenye miti swali ni lini uvune. Faustmann, Mjerumani, alilijibu 1849: usihesabu tu mti unavyoongezeka, hesabu na ardhi inayosubiri kupandwa mwingine. Riba ikipanda, unavuna mapema. Ndiyo maana mwenye mkopo wa benki na serikali wanaweza kuwa na misindano ya umri mmoja, huyu akakata na yule akaacha, na wote wakawa sahihi. Msimamizi wako hajakuonea.

Kibosho_Juu:
Na sisi wa kahawa usitusahau. Stern na wenzake, watafiti wa wadudu kule California, 1959, walisema usipulizie kwa kuwa umemwona mdudu. Pulizia wakifikia idadi ambayo ukiwaacha watakula zaidi ya bei ya dawa. Ila hiyo ni ya wadudu wa kuhesabika. Chulebuni, ugonjwa wa kuvu wa matunda ya kahawa, ukisubiri uuone kwenye matunda, umechelewa.

MwanaUshirika:
Asanteni sana wakuu. Basi naacha kutafuta mbinu moja ya wote, nauliza kila mmoja kusubiri kunamgharimu nini. Mangi, naweza kuja kuchukua data?

MangiSaruji:
Njoo, ila siyo Jumamosi. Daftari la oda utaliona. La madeni hapana, humo kuna mpaka shemeji zangu.