Mrejesho: Safari ya Fukuoka

Wakuu, habari za siku. Niliomba ushauri hapa kuhusu likizo ya Fukuoka, Japani: mimi na wife Kijapani hatujui, na kitimoto hatugusi. Naleta mrejesho.

Aliyesema tuandikiwe kikaratasi cha Kijapani kwamba hatuli nguruwe wala hatunywi pombe, Mungu akubariki. Pale mtaa wa Nakasu, kwenye yatai (vibanda vya chakula vya usiku) kando ya mto, mama muuzaji alikisoma, akawapitishia wateja waliobanana kwenye benchi, wakaanza kujadiliana wenyewe tule nini! Tukachomewa kuku kwa chumvi tupu, bila sosi. Mzee mmoja akamfundisha wife kubinya soya za kuchemsha zitoke kwenye ganda ziingie mdomoni. Moja ikaruka hadi kwenye bia ya mtu. Benchi zima kicheko.

Ila msitegemee yatai kwa shibe. Rameni (tambi za supu) ya huko supu yake ni ya mifupa ya nguruwe, na vibanda vingi tulipoonyesha kikaratasi walitikisa kichwa kwa huruma. Programu ya kutafsiri kwenye simu nayo, kelele zikizidi, inatoa maajabu. Kilichotuokoa ni msikiti wa Hakozaki (upo tangu 2009). Waumini walituelekeza pa kula halali.

Treni ya chini ya ardhi kutoka uwanja wa ndege hadi kituo kikuu cha treni cha Hakata ni kama dakika 5 tu, teksi ya nini? Yatai nendeni jioni mapema na yeni taslimu. Mvua kubwa ikinyesha, vingi havifunguliwi.

Asanteni sana.