Globu ya oveni imegandia kwenye holda, nitie mafuta gani yasoungua?

mama_visheti (Malindi, Unguja)
Asalam alaykum jamani, naomba msaada wa haraka, Idi hii hapa na oda zinaingia. Mie nina oveni ya umeme ile ya kusimama chini, napika biskuti na mkate wa mayai vya kuuza, sasa wiki ya pili hii globu ya ndani imekufa. Kila nikitaka kuchungulia sharti nifungue mlango, nikifungua joto lote linanipiga usoni linaondoka zake, trei ya juu inaungua ya chini bado nyeupe pee. Nkasema nitabadilisha mwenyewe kwani kazi gani hiyo, si ya pini ni ile nyembamba ya kuskurubu, unazungusha tu. Kile kifuniko cha kioo kimetoka vizuri, globu yenyewe ndo haizunguki, utasema imepigwa weldi. Nikaongeza nguvu kidogo nikasikia krak, kioo hicho mkononi mwangu na kile kikopo cha bati chenye nyuzi za skurubu kimebaki humo humo ndani ya holda. Alhamdulillahi nilishikia kitambaa kinene.

Mume wangu ndo anakumbuka leo kuwa mara ya mwisho alipoifunga aliipaka mafuta ya kupikia "ili iteleze". Sasa suali langu, hicho kikopo nakitoaje, na globu mpya niipake nini isigande tena? Mmoja kanambia Vaseline, mwengine WD-40, kuna kijana wa gereji jirani anasema grisi ya shaba. Mie napika 180, boflo nafika 220, na ni chakula cha watu, sitaki moshi wala harufu wala sumu.

pweza_mkavu
Kata mbatata nusu, isukumize kwenye hicho kikopo, zungusha kushoto kitatoka. Nshafanya mara nyingi kwenye taa ya ukumbini. Globu mpya ipake Vaseline kidogo basi kwisha kazi.

fundi_wa_wete
Wa alaykum salaam dada. Mie nafanya umeme wa majumbani huku Wete, na oveni ni ugonjwa wa kila Ramadhani, kwa hiyo nisamehe nikirefusha.

Kwanza chomoa plagi. Nasema CHOMOA, sijasema zima swichi. Swichi ya oveni nyengine inakata waya mmoja tu, na kama umeichomeka kwenye ekstensheni ya kubabaisha ambayo waya zake zimegeuzwa, basi hicho kikopo kilichobaki ndicho chenye moto, na sasa hivi kiko uchi maana kioo kishavunjika. Kama yako imefungwa ukutani haina plagi, zima meni. Halafu iache ipoe sawasawa.

Mbatata ya ndugu yangu hapo juu kwenye taa ya darini sawa, kwenye oveni mie sikushauri. Maji yake na ule wanga vinabaki ndani ya holda, ukija kuwasha vinakaangika humo humo, umetoa gundi moja umetia nyengine. Tafuta plaizi ya mdomo mrefu, vaa glavu na miwani kama unayo, shika ukingo wa kikopo ukikunje kwa ndani, kidogo kidogo, upande huu na upande ule, mpaka kiachane na holda, ndo uzungushe kushoto taratibu. Ukiona unazungusha na holda nzima inafuata simama hapo hapo, hiyo ni kauri na waya zake ziko nyuma, utazikata na hapo umeshaingia gharama.

Sasa haya mafuta. Dada unalijua chuma cha chapati likiwa jipya? Unalipaka mafuta unaliweka motoni, unalipaka tena, mpaka linakuwa jeusi linang'aa na chapati haishiki. Ule weusi ni mafuta yale yale yamegeuka ngozi ngumu, ukisugua kwa chuma cha kusugulia sufuria hautoki kirahisi. Bwana kafanya hayo hayo ila kafanya kwenye nyuzi za globu. Siku ya kwanza iliteleza kweli, baada ya trei ishirini za biskuti ikawa gundi. Mafuta ya kula hayana kazi hapo, ya alizeti, ya nazi, samli, yoyote.

Vaseline inayeyuka hata oveni haijafika 100, inachuruzika mpaka kwenye kioo cha kifuniko, kinachobaki kinafuka moshi. WD-40 ni nyepesi, inakausha inakwenda zake, na dawa yake inashika moto, hiyo kwenye kitu cha joto chenye umeme hata kopo lisikaribie. Kuna grisi za silikoni, hizo bora kidogo, lakini nyingi ukisoma kwenye tyubu mwisho wake 200. Wewe boflo lako tu lishapita 220, na ujue pale globu ilipo kuna joto la oveni na juu yake joto la globu yenyewe.

gereji_boy_znz
Fundi unamtisha bibie bure. Grisi ya shaba inastahamili 1100, imeandikwa kwenye kopo. Sie boliti za egzosi tunazipaka hiyo, miaka mitano unakuja kuifungua inatoka kwa mkono. Egzosi na oveni ipi ina joto zaidi?

fundi_wa_wete
Egzosi ina joto zaidi, sikukatalii. Lakini boliti ya egzosi haina umeme. Hiyo 1100 ni ya unga wa shaba, si ya mafuta yaliyouchanganya, mafuta yanaungua mwanzo mwanzo na moshi wake unatoka jikoni kwa huyu dada, inabaki shaba kavu. Na shaba ndo nini? Ndo waya wenyewe. Itizame globu kwa chini, kuna ile nukta ya katikati, kuna duara jeusi la kigae, halafu kikopo. Nukta moto unaingia, kikopo unarudi, baina yao hapo upana wa ukucha tu. Kidole chako chenye grisi kikipita hapo, ukiwasha unaweza kupiga shoti, bahati yako ikate fyuzi tu.

gereji_boy_znz
Si upake nyuzi peke yake usiguse chini 😂

fundi_wa_wete
Wewe ukipaka sawa. Anayesoma hapa akapaka kama anapaka siagi kwenye boflo je?

mwalimu_mstaafu_chake
Naomba niingize langu. Mie hutumia penseli. Ile laini, 2B kwenda juu, nasugua risasi yake kwenye nyuzi mpaka zinakuwa kijivu, basi. Haina mafuta, haifuki, hainuki, na madini yake ni grafaiti ambayo joto la oveni kwake ni upepo tu. Shilingi mia kadhaa dukani. Tahadhari ni ile ile ya fundi, nayo inapitisha umeme, kwa hiyo nyuzi tu na ufute vumbi lake kule chini.

bi_mkubwa_kikwajuni
Nyie watoto mnajitaabisha. Mie tangu umeme ulipokatika miezi mitatu, mwisho wa 2009 mpaka 2010, nilirudi kwenye mkaa sikutoka tena. Sufuria, moto chini, napalia moto juu, mkate wa kumimina unaniivia rangi ya dhahabu. Globu ya nini, nanusa tu najua.

mama_visheti
Bi mkubwa mashaallah, lakini trei kumi na mbili za biskuti kwa siku nikipalia mkaa nitabakia mimi kuwa mkaa 😅

Mwalimu hii ya penseli nimeipenda. Fundi unasemaje?

fundi_wa_wete
Mwalimu kasema la maana na katika yote yaliyotajwa hapa ndo la karibu na usalama. Lakini ina sharti moja, nalo kwetu sie wa kisiwani ni kubwa. Vikopo vya globu viko vya aina mbili, kuna vya shaba ya manjano iliyopakwa nikeli na kuna vya alumini, hivi vya bei rahisi. Ukikwaruza kidogo kwa msumari kikitoka umanjano ni shaba, kikiwa cheupe mpaka ndani na chepesi ni alumini. Grafaiti na alumini vikikutana na unyevu wa chumvi vinakuwa kama betri ndogo, alumini ndo inaliwa, inatoa ule unga mweupe kama chokaa, na unga huo ukijaa kwenye nyuzi unabana kuliko mafuta. Oveni ikiwa moto pakavu hakuna neno. Lakini dada yuko Malindi, dirisha la jiko limetizama bahari, oveni ikilala siku nne tano upepo wa chumvi unaingia. Kwa hiyo penseli kwenye shaba, sawa. Kwenye alumini, hapana.

Ukitaka kujua mie mwenyewe natia nini, sitii kitu. Nakausha holda kwa mswaki mkavu na kitambaa, nafunga globu kwa vidole viwili mpaka iguse, basi, siongezi nguvu. Watu wengi wanakaza globu kama wanakaza nati ya gari, ikipata moto bati linatanuka ndani ya holda, ikipoa haliachii. Na kila mwezi, plagi imechomolewa na oveni imepoa, naizungusha nusu mzunguko kushoto nairudisha. Hiyo haijawahi kuniganda.

Anayetaka kupaka lazima apake, kuna grisi nyeupe ya seramiki, ile ya breki isiyo na chuma ndani, haipitishi umeme na unga wake unastahamili joto kubwa kuliko oveni yoyote ya nyumbani. Kiasi cha punje ya mchele, kwenye nyuzi tu, halafu uwashe oveni tupu madirisha wazi mpaka harufu iishe kabla hujatia chakula.

kipanga_wa_mkoani
Na zile grisi za tefloni je? Ndugu yangu kaniletea tyubu kutoka Dubai, imeandikwa ya joto kali.

fundi_wa_wete
Tefloni ikipita kama 260 inaanza kuharibika, na ikizidi sana inatoa moshi mbaya. Wewe si ndo unafuga chiriku?

kipanga_wa_mkoani
Ndiyo, tundu liko jikoni hapo hapo juu ya friji.

fundi_wa_wete
Basi hiyo tyubu ipake bawaba za mlango wa nje. Moshi wa tefloni iliyoungua unaua ndege haraka kabla binadamu hajahisi kitu, ndo maana hata vikaango vile visivyoshika wanaofuga ndege huambiwa wasivisahau motoni. Na tundu lihamishe jikoni, iwe kuna tefloni au hakuna.

pweza_mkavu
Fundi kabla hujaondoka, globu yenyewe anunue ipi? Maana mie nishatia ya kawaida ya friji ikanimwagikia.

fundi_wa_wete
Hapo ndo penye mambo, na nilitaka nipaseme mwanzo. Iwe imeandikwa 300°C, kwenye kioo au kwenye boksi. Size ni E14, yaani nyuzi zake upana wa milimita 14, ile E ni ya Edison. Wati kumi na tano au ishirini na tano, soma kibati cha oveni wanataka ngapi usizidishe. Ya kawaida inafanana sura lakini ile risasi ya kwenye nukta inayeyuka kwenye 183 hivi na gundi inayoshika kioo na kikopo inaachia, ndo hiyo iliyokumwagikia. LED usithubutu hata ukiambiwa ya friji ni hiyo hiyo, ndani mna vidude vya elektroniki havistahamili. Na kioo kipya ukikishika, shika kwa kitambaa kikavu.

mama_visheti
Jamani nimerudi. Jana baada ya alasiri nimechomoa plagi, nikamwita mume wangu ashike tochi kwa kuwa dhambi ni yake. Plaizi ya mdomo mrefu tumeazima kwa jirani. Kikopo nimekikunja pande mbili kama fundi alivosema, mara ya kwanza kikachanika kipande kidogo tu nkakata tamaa, mara ya tatu kikalia tik kikazunguka. Kimetoka vipande viwili. Fundi uliyosema kweli, ndani ya nyuzi kumeshika kitu rangi ya asali iliyoungua, nimekikwangua kwa ukucha hakitoki, na juu yake ule unga mweupe. Kumbe cha alumini, tena na mafuta, vyote viwili. Holda nimeisugua kwa mswaki mkavu nusu saa, nzima haina ufa.

Globu mume kaenda Darajani akarudi na moja imeandikwa 25W basi, hakuna neno jengine. Nikamrudisha. Ya pili imeandikwa 300°C na kikopo nimekikwaruza kimetoka umanjano. Nimeifunga kwa vidole viwili, sikupaka chochote, penseli nimeificha mwalimu usinune. Usiku nimetia trei mbili za biskuti za njugu, nimekaa kwenye kigoda mbele ya kioo natizama zinavyoumuka kama natizama tamthilia.

mwalimu_mstaafu_chake
Sinuni. Lakini kwa kuwa ni ya shaba, penseli ingefaa 🙂

gereji_boy_znz
Fundi nikuulize kitu, usinicheke. Oveni ya mama nyumbani niliifunga mie globu mwaka jana, na nilipaka ile grisi ya shaba. Na nadhani niliijaza mpaka chini.

fundi_wa_wete
Inawaka?

gereji_boy_znz
Inawaka lakini ikiwashwa fyuzi ya plagi inakwenda mara moja moja, tumekuwa tukibadilisha fyuzi tu. Naenda kuichomoa sasa hivi.