Matundu madogo au kufungua tumbo: mjomba afanyiwe upasuaji upi?

Mwana wa Mikindani
Shikamooni wakubwa. Mjomba wangu, mkulima wa korosho kule Newala, mwenye umri wa miaka 61, amegundulika kuwa na saratani ya utumbo mpana ambayo haijasambaa. Daktari wa Dar es Salaam amemwambia achague kati ya upasuaji wa matundu madogo, ambao kamera na vyombo hupitishwa kwenye vitundu tumboni, na ule wa kufungua tumbo. Ukoo umegawanyika, kwani wapo wanaodai kwamba asiyefungua tumbo hawezi kuuona ugonjwa wote.

Muuguzi wa Lindi
Marahaba. Hata madaktari waliwahi kuwa na hofu hiyo, kwa sababu katika miaka ya 1990 zilitolewa taarifa za saratani kuota upya palipopitishwa vyombo. Ndipo Marekani wagonjwa 872 wakagawanywa kwa kura, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2004 yakaonyesha kwamba baada ya miaka 3 ugonjwa ulikuwa umerudi kwa asilimia 16 ya waliopasuliwa kwa matundu na asilimia 18 ya waliofunguliwa, tofauti ndogo mno kuweza kusema njia moja imeishinda nyingine. Saratani kurudi kwenye jeraha haikufika asilimia 1 kwa kundi lolote.

Babu wa Masasi
Kama ni hivyo, faida iko wapi?

Muuguzi wa Lindi
Iko katika kupona, babu. Waliopasuliwa kwa matundu walilazwa siku 5 badala ya 6, na dawa za maumivu walizitumia kwa muda mfupi zaidi.

Mama wa Nachingwea
Siku moja msiidharau. Mimi nilifunguliwa, na kukohoa tu kulikuwa adhabu, sembuse kuinama kuokota korosho. Hata hivyo, mwanangu, usimwahidi mjomba matundu matupu, maana lazima akatwe kidogo ili kipande cha utumbo kitoke.

Muuguzi wa Lindi
Tena katika utafiti uleule, mgonjwa 1 kati ya kila 5 walioanza kwa matundu aliishia kufunguliwa, ingawa kila daktari alikuwa amekwisha kufanya upasuaji wa aina hiyo angalau mara 20. Kwangu mimi, mikono ya daktari ina uzito kuliko ukubwa wa jeraha. Muulize amefanya upasuaji wa aina hiyo mara ngapi, na kama kwa kawaida hutoa tezi za limfu zisizopungua 12, yaani vijitezi vya karibu na utumbo ambamo saratani huweza kusambaa, za kupimwa maabara.

Mwana wa Mikindani
Nashukuru. Jumatatu nitampigia daktari nimuulize hayo mawili kabla mjomba hajapanda basi.