Laini ya umeme kuvuka mto mara moja tu: je, kweli haina madhara?

Swali
Ndugu zangu, naomba mnisaidie kwa hoja. Laini ya msongo mkubwa imepangwa kuvuka mto ambao hadi leo hauna bwawa hata moja, na wahandisi wanasema kwamba, kwa kuwa nyaya zitapita juu ya maji mahali pamoja tu na nguzo zitasimama mbali na kingo, mto hautadhurika. Siliamini dai hilo, lakini nimeshindwa kulijibu.

Jibu la kwanza
Dai hilo linahesabu nguzo na kuusahau mkuza, yaani ardhi inayotengwa kwa ajili ya laini. Chini ya laini kubwa hufyekwa ukanda wenye upana wa makumi ya mita, nao haurudi tena kuwa msitu, kwa sababu miti hukatwa kila inapoanza kuzikaribia nyaya. Kingo zikikosa kivuli, maji hupata joto na udongo huporomokea mtoni, na barabara iliyochongwa kwa ajili ya mitambo hubaki wazi kwa kila mwenye msumeno.

Halafu kuna ndege, ambao huufuata mto kama njia yao alfajiri na jioni. Mara nyingi kinachowaua ni ule waya mwembamba wa juu kabisa, wa kukinga radi: korongo huziona nyaya nene, hunyanyuka ili azikwepe, kisha huugonga ule asiouona. Vibao vinavyoning'inizwa kwenye waya huo hupunguza vifo, lakini havivimalizi.

Jibu la pili
Nakubaliana na mwenzangu, ila nakusihi uwahi. Kwenye mto James, karibu na Jamestown nchini Marekani, watetezi wa mto huo walioipinga laini ya umeme walishinda rufaa Machi 2019, mahakama ikisema ilipasa tathmini kamili ya athari kwa mazingira ifanywe kwanza. Lakini laini ilikuwa imeshawashwa Februari, na nguzo 17 zilizosimikwa ndani ya maji hazikung'olewa. Nchini Chile mambo yalikwenda vingine. Mradi wa HidroAysén, uliokusudia mabwawa matano kwenye mito Baker na Pascua, ulihitaji laini ya karibu kilomita 2,000, na wapinzani waliyapinga mabwawa na laini kwa pamoja kabla nguzo ya kwanza haijasimama. Juni 2014 serikali iliukataa mradi.

Kwa hiyo, kabla ya kujadili nguzo zikae wapi, dai uonyeshwe kama laini yenyewe inahitajika.

Jibu la tatu
Nimewahi kupima njia za laini, na nimeona ripoti ambamo njia mbadala ilipewa aya moja bila ramani. Omba ramani hiyo kwa maandishi. Uliza kwa nini laini isivukie penye daraja au laini ya zamani, na kama kebo inaweza kupitishwa chini ya kitako cha mto kwa kutoboa ardhi. Gharama yake ni kubwa, na kila upande huhitaji kituo cha kuunganishia nyaya; sharti vituo hivyo viwekwe mbali na kingo.