Naomba ushauri: nifunge karakana ya masweta Kizota niagize Guangzhou?

Mfumaji wa Kizota

Ndugu wanajukwaa, habari za jioni. Nina karakana ya kufuma masweta ya shule hapa Kizota, Dodoma, yenye mashine tisa za mkono, moja ya kudarizi nembo, na wafanyakazi kumi na wawili, wengi wao akina mama walioanza nami mwaka 2016. Sweta moja hunigharimu shilingi 13,500 hadi kufungashwa, nami huziuzia shule kwa 16,000.

Kaka yangu aliyeko Kariakoo ameniletea bei ya kiwanda kimoja cha Guangzhou, China: shilingi 8,200 kwa sweta, mradi niagize zisizopungua 3,000 za rangi moja. Anasema kampuni kubwa za dunia ziliacha zamani kutengeneza zenyewe, zikabaki na nembo na soko, sasa mimi nashindana na nani kwa mashine za mkono? Nilishindwa kumjibu. Nikikubali, nitauza mashine na kuwaaga akina mama wale, na oda za Januari huanza kuingia Septemba, kwa hiyo muda wa kufikiri ni mfupi.

Mzigo Bandarini

Mkuu, bei ya kiwandani si bei ya mlangoni kwako. Tuseme nauli ya meli na bima vinaongeza shilingi 700, sweta inafika bandarini ikiwa na thamani ya 8,900. Nguo zimo katika kundi la juu la ushuru wa pamoja wa Afrika Mashariki, ambalo tangu Julai 2022 ni asilimia 35, yaani 3,115. VAT ya asilimia 18 huhesabiwa baada ya kujumlisha ushuru huo, nayo ni kama 2,163. Umeshafika 14,178 kabla hujamlipa wakala wa forodha, tozo nyinginezo na usafiri wa kuja Dodoma. Ile nafuu ya 5,300 uliyoonyeshwa Kariakoo imeishia njiani.

Kijana wa Majengo

Hesabu ya Mzigo Bandarini ni sahihi, lakini isikupe usingizi. Ukiwa umesajiliwa, VAT ya forodha unaidai katika marejesho yako, hivyo pengo ni dogo kuliko linavyoonekana. Pili, kinachokulinda hapo ni ushuru, wala si ustadi, na viwango vya ushuru huguswa karibu kila bajeti inaposomwa bungeni mwezi Juni. Mimi nisingejenga biashara ya miaka kumi juu ya ukuta ambao mwenyewe si mimi.

Binti Kondoa

Niliwahi kufanya kazi ya ununuzi katika kampuni ya mavazi, na ningependa kuijibu hoja ya kaka yako, kwa sababu ilikuwa na nguvu zaidi miaka ishirini iliyopita kuliko leo. China ilipojiunga na Shirika la Biashara Duniani Desemba 2001, mishahara yake ilikuwa midogo kiasi kwamba mnunuzi aliweza kusamehe karibu kila kasoro nyingine. Mishahara hiyo imepanda sana, na sehemu kubwa ya ushonaji wa bei ya chini imehamia Vietnam na Bangladesh. Ethiopia nayo ilifungua eneo la viwanda la Hawassa mwaka 2016, lakini ilipoondolewa katika mpango wa AGOA wa Marekani Januari 2022, njia ya kuuza huko bila ushuru ilifungika. Anayehamisha kazi kwa kufuata mshahara pekee hujikuta anahama tena.

Kisha ikaja nauli. Mwaka 2021 gharama ya kontena ilipanda mara kadhaa, na kuanzia mwishoni mwa 2023 meli nyingi zililazimika kuikwepa Bahari ya Shamu na kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema. Meli ya kutoka China kuja Dar es Salaam haipiti huko, lakini meli zikikaa safarini muda mrefu zaidi hupungua kila mahali, nasi tukalipa. Mwaka 2023 Marekani ilinunua bidhaa nyingi zaidi kutoka Mexico, jirani yake, kuliko kutoka China.

Hata hivyo, usidhani kwamba viwanda vyote vinarudi nyumbani. Adidas ilijenga viwanda vya viatu vyenye roboti Ansbach, Ujerumani, na Atlanta, na mwaka 2019 ikatangaza kuvifunga na kupeleka teknolojia hiyo kwa watengenezaji wake wa Asia. Huko ndiko waliko wauza soli, gundi, kamba na maboksi. Ninavyoona mimi, kinachowabakiza watu Guangzhou leo ni ujirani huo: zipu ikikosekana asubuhi, mchana imepatikana. Wewe Kizota huna ujirani wa zipu, ila una ujirani wa shule. Je, oda zako hubadilika baada ya shule kufunguliwa?

Mfumaji wa Kizota

Hubadilika sana, dada. Idadi kamili ya darasa la kwanza na vipimo vyao hujulikana Januari yenyewe. Kuna shule huniongezea masweta arobaini Jumatatu na kuyataka Ijumaa.

Niliona aibu kulisema mwanzoni, lakini mwaka jana nilijaribu kuagiza 600 kupitia mfanyabiashara mmoja. Nililipa asilimia 30 mbele na zilizobaki kabla ya mzigo kupakiwa. Ulifika katikati ya Februari. Nilikuwa nimetuma sampuli ya rangi ya damu ya mzee. Mwalimu mkuu akaichukua, akailaza kando ya sweta jipya juu ya meza iliyokuwa nje chini ya mwembe, akaziangalia kimya. Lile jipya lilikuwa linakaribia zambarau. Akanirudishia yote mawili yakiwa yamekunjwa vizuri. Mengi ya yale 600 niliyauza mnadani kwa shilingi 6,000.

Mzigo Bandarini

Basi hapo umejijibu nusu. Hebu tuambie, katika ile 13,500, uzi ni kiasi gani?

Mfumaji wa Kizota

Uzi peke yake ni 7,400. Nanunua koni za akriliki kwa mfanyabiashara wa jumla Dar es Salaam, naye huzitoa nje.

Mzigo Bandarini

Mkuu, umeonyeshwa bei ya kitu kisicho chako: cha kuagiza ni uzi, si sweta. Uzi una ushuru mdogo kuliko sweta, hauozi, hauna saizi wala nembo, na ukichelewa mwezi mmoja bado ni uzi. Tafuta wafumaji wenzako wawili watatu wa Singida na Morogoro mchangie kontena. Kwanza agizeni koni chache za kila rangi, na mzifume kabla ya kulipa zaidi.

Mfumaji wa Kizota

Nimempigia kaka sasa hivi. Amecheka, kisha akaniomba nimtumie namba za rangi na uzito wa koni. Mwenye kufahamu wafumaji wa Singida wanaotumia uzi wa akriliki, naomba aniandikie faragha.