Mrejesho: RC522 sasa inasoma kadi

Wakuu, niliuliza kwa nini RC522 (moduli ya kusoma kadi za RFID, zinazosomwa kwa mawimbi ya redio) kwenye Arduino Uno (bodi ndogo ya kuprogramu) inarudisha toleo la chipu 0x00, yaani haijibu, na haisomi kadi. Imekubali, sasa inatoa 0x92, toleo halisi la chipu. Asanteni sana.

Kosa lilikuwa kwenye pini. Zilikuwa zimechomekwa tu kwenye matundu ya bodi ya RC522 bila kulehemiwa, ukigusa waya mguso unakatika. Nimelehemu zote nane, lehemu ikajaa mzunguko mzima wa kila tundu, na hapohapo ikajibu. Ukiona 0x00 au 0xFF, usihangaike na msimbo wa programu kwanza, kagua mguso.

Waya zilivyo (pini ya RC522, kisha ya Uno): SDA 10 (hapa ni SS, pini ya kuchagua kifaa kwenye mawasiliano ya SPI; msichanganye na SDA ya I2C, aina nyingine ya mawasiliano), SCK 13, MOSI 11, MISO 12, RST 9, GND kwa GND. IRQ iache wazi. Umeme ni 3.3V, kamwe si 5V, chipu inaweza kuungua. Na aliyenikumbusha kwamba pini za Uno zenyewe hutoa 5V yuko sahihi kabisa: nimeweka kibadilisha volti (cha kushusha 5V kuwa 3.3V) kwenye SDA, SCK, MOSI na RST. MISO haihitaji, Uno inaielewa 3.3V.

Kadi ya pili bado haisomeki, na haitasomeka: ni ya 125 kHz, RC522 ni ya 13.56 MHz tu.