Fomu ya Dreamweaver imekaa vizuri ila nikibonyeza Tuma hakuna kinachofika

kinyozi_wa_tovuti: Wakuu, heshima kwenu. Namtengenezea dada yangu tovuti ya shule yake ya awali hapa Morogoro. Natumia Dreamweaver, ile programu ya kutengenezea tovuti; HTML (lugha ya kuandikia kurasa) siijui kihivyo, naweka vitu kwa menyu ya Insert tu. Fomu ya kuandikisha watoto ina jina, jinsia, simu na barua pepe ya mzazi, na sehemu ya kupakia cheti cha kuzaliwa. Mzazi akibonyeza Tuma, ukurasa unajifungua upya, basi. Halafu kwenye jinsia unaweza kuchagua zote mbili! Naombeni msaada.

Kipanga: Dreamweaver inakuchorea fomu, kuipeleka ni kazi ya seva, ile kompyuta inayobeba tovuti yako. Kwenye Design View bofya ule mstari mwekundu wa vidoti, kisha angalia Properties. Kwenye Action kuna nini? Na hostingi yako (huko tovuti inakokaa) ina PHP, lugha ya programu zinazoendeshwa kwenye seva?

kinyozi_wa_tovuti: Action ni patupu. Hostingi ni ya kulipia, ina cPanel (ukurasa wa kuisimamia), PHP ipo. Ila mkuu, huo mstari mwekundu umezunguka jina na kitufe tu, vingine viko chini yake.

Kipanga: Basi hapo pana mambo mawili kwa mpigo. Mstari mwekundu ndio fomu yenyewe. Kilicho nje yake hakitumwi hata kikijazwa. Viingize vyote ndani. Action iandike jina la faili la PHP litakalopokea na kukutumia kwa barua pepe, mfano pokea.php. Method weka POST, maana kwa GET majina ya watoto yatatokea kwenye anwani ya ukurasa. Kisha pitia Name ya kila kisanduku. Ukiacha textfield, textfield2, utaletewa barua ambayo hujui ipi simu ipi jina. Jinsia: vidude vyote viwili vipe Name moja, Value tofauti. Na Enctype (namna taarifa zinavyofungashwa) iwe multipart/form-data, la sivyo cheti hakiji, linakuja jina la faili tu.

MamaTabata: Simu usiweke Number, weka Tel. Number ni ya hesabu, mzazi akiacha nafasi katikati ya tarakimu inamsumbua bure.

jongoo_la_mtaa: Mnamtesa mwenzenu. Tengeneza Google Forms, pachika kwenye ukurasa, lala.

MamaTabata: @jongoo_la_mtaa kwa maswali ya kawaida sawa. Lakini ukiweka swali la kupakia faili, Google inamtaka mzazi aingie kwanza kwa akaunti yake. Nusu ya wazazi ninaowajua nywila ya Gmail anayo yule fundi aliyewauzia simu.

jongoo_la_mtaa: Hahaha, hapo umenipata.

Kipanga: Mimi ningeondoa kabisa hiyo sehemu ya cheti, mzazi aje nacho shuleni. Taarifa za watoto si za kuchezea, na tangu 2022 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Kama dada yako atang'ang'ania, mafaili yahifadhiwe nje ya public_html (folda inayofunguka mtandaoni), na PHP ikague aina na ukubwa wake. Ile Required (lazima kujaza) ya kwenye kivinjari ni ya kumkumbusha mtu mwema tu. Mkorofi anaipita bila jasho.

kinyozi_wa_tovuti: Dada amekubali, cheti kimeondolewa. Vyote nimeviingiza ndani ya mstari, pokea.php nimeipata, na barua imefika! Ila imeangukia kwenye spam.

MamaTabata: Kwenye From (mtumaji) umeweka anwani ya nani?

kinyozi_wa_tovuti: Ya mzazi, ili mwalimu ajibu moja kwa moja.

MamaTabata: Ndiyo hiyo. Seva yako haina ruhusa ya kutuma kwa jina la Gmail ya mtu. From weka anwani ya tovuti ya shule, ya mzazi ihamie Reply-To (anayejibiwa). Mwalimu akibonyeza kujibu inaenda kwa mzazi vilevile.

Kipanga: Ukimaliza ingia cPanel, Email Deliverability, uone kama SPF na DKIM (rekodi zinazothibitisha kuwa barua imetoka kweli kwenye tovuti yako) ziko sawa. Zikionyesha tatizo, bonyeza Repair kabla hujamtangazia mzazi yeyote.